Pesa Imeingia, Mzigo Bado: Utangulizi wa Utunzaji Hesabu kwa Wauzaji wa Mtandaoni

Kwa miaka mingi Busisi iliishi kwa foleni. Mabasi na malori yaliyotoka Bukoba, Geita na Sengerema kwenda Mwanza yaliteremka hadi gatini, yakapanga mstari kusubiri kivuko cha kuvuka Ghuba ya Mwanza kwenda Kigongo, upande wa Misungwi. Abiria walikuwa na njaa, na muda wa kukaa walikuwa nao. Mchuuzi alipita dirishani na sinia la sato wa kukaanga. Noti ikatoka, samaki akaingia, chenji ikarudi, kila mmoja akaendelea na yake. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, na safari ambayo pamoja na kungoja iliweza kula saa mbili ikawa ya dakika chache. Gari sasa linapita bila kusimama.

Hasara ya mchuuzi inaonekana kwa macho. Faida yake haionekani upesi: daraja lililomwondolea mteja wa dirishani limemsogezea mteja wa Dodoma, kwa sababu furushi la dagaa linalopakiwa kwenye basi la alfajiri halilali tena gatini. Mwenye simu, mizani ndogo na vifungashio vya heshima anaweza kupiga picha ya dagaa waliokaushwa vizuri juu ya chanja, akaituma kwenye makundi ya WhatsApp au kuiweka Instagram, akapokea pesa kwa simu na kupeleka mzigo stendi kwa bodaboda. Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Kimeandikwa pia kwa mwanafunzi wa uhasibu anayedhani kwamba biashara ya namna hiyo ni ndogo mno kustahili elimu yake. Mimi naona kinyume: hesabu za muuza dagaa wa mtandaoni ni ngumu kuliko za duka kubwa la mjini, na nitaeleza kwa nini.

Dirishani mwa basi mambo matatu yalitukia kwa pumzi moja. Mliafikiana bei, mteja akalipa, akakabidhiwa mali. Hesabu yake ilikuwa fupi kiasi kwamba mfuko wa aproni uliweza kuibeba: kilichomo jioni, toa kilichokuwemo asubuhi. Biashara ya mtandaoni imeyatawanya mambo hayo. Agizo linaingia Jumatatu usiku, malipo ya nusu yanakuja Jumanne, mzigo unaondoka Alhamisi, mteja anaufuata stendi Jumamosi, na salio analilipa akikumbushwa. Taaluma ninayokukaribisha ndani yake inaishi katika nafasi hiyo iliyopo kati ya agizo, malipo na makabidhiano. Ukiielewa nafasi hiyo, mengi ya mengineyo ni mazoezi ya kujumlisha na kutoa.

Tuchukue swali linaloonekana jepesi: mauzo yamefanyika lini? Wauzaji wengi hujibu haraka kwamba ni pale ujumbe wa malipo unapoingia kwenye simu. Wahasibu hawakubali. Kanuni ya kimataifa ya kutambua mapato, IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inasema mapato yanatambuliwa pale udhibiti wa bidhaa unapohamia kwa mteja. Muuza dagaa halazimiki kuisoma kanuni hiyo, ambayo ni ndefu na kavu, lakini fikra iliyomo inamhusu kuliko inavyomhusu mwenye duka. Pesa iliyoingia kabla ya mzigo kuondoka ni deni. Unadaiwa dagaa, au unadaiwa pesa ya watu.

Angalia inavyoenda. Muuzaji ana shilingi 400,000 kwenye simu, zote za wateja ambao bado hawajatumiwa kitu. Anaiona kama pesa yake, analipa ada ya mtoto, anaongeza bando, anampa fundi malipo ya awali ya kabati. Wiki hiyo ziwa linachafuka, dagaa wanaadimika mwaloni, bei inapanda. Sasa hana pesa ya kununua alichokwisha kukiuza. Simu inaita hapokei, na kwenye kundi mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ni tapeli. Wengi wanaoitwa matapeli mtandaoni ni matapeli kweli, sina haja ya kuwatetea. Ila wapo walioingia humo kwa mlango wa hesabu tu, bila nia mbaya, na hao ndio wanafunzi wangu.

Upande wa pili upo mtindo wa kulipa mzigo ukishapokelewa. Hapo furushi limeondoka mikononi mwako, nalo bado ni mali yako. Likilala stendi ya Dodoma siku tano kwa sababu mteja amebadilisha mawazo, ni ghala lako lililo mbali, na lazima daftari lijue kwamba kuna kilo kadhaa kule zinazokusubiri au zinazoharibika.

Kwingine duniani kazi ya kufuatilia haya hufanywa na jukwaa la mauzo lenyewe: linapokea agizo, linashika pesa, linathibitisha kwamba mzigo umefika, ndipo linamlipa muuzaji na kumpa taarifa. Tanzania ilionja mfumo wa aina hiyo. Jumia ilikuwepo, ikafunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Biashara ya mtandaoni haikufa nayo. Iliendelea pale ilipokuwa imeota yenyewe, kwenye WhatsApp, Instagram na pesa za simu, mahali ambapo muuzaji ndiye duka, ndiye karani, ndiye msafirishaji na ndiye mtu wa malalamiko. Mtandao wa simu unakuwekea kumbukumbu ya pesa, na haujui lolote kuhusu dagaa. WhatsApp inakuwekea maongezi, na haijui kama ulilipwa. Wa kuziunganisha kumbukumbu hizi mbili ni wewe.

Wala usidhani umbali kati ya malipo na mali ni jambo jipya lililoletwa na simu. Mwaka 1494 mtawa wa Kitaliano, Luca Pacioli, alichapisha Venice kitabu chake cha hesabu chenye sehemu inayoeleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika kila tukio mara mbili, upande wa kutoa na upande wa kupokea. Hakuubuni mfumo huo. Aliukuta ukitumika na watu waliopeleka mali ng'ambo kwa meli, wakiziacha mikononi mwa mawakala, wakingoja miezi kabla ya kujua kilichouzwa. Aliyeuza sokoni kwake tu hakuwa na haja kubwa nao.

Pwani yetu nayo ilikuwa na umbali wake. Karibu na mwaka 1870 Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kama Tippu Tip, alichukua mali kwa mkopo kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, akaingia bara kutafuta pembe za ndovu. Ilikuwa biashara iliyobebwa na watumwa pia, na hesabu zake hazipaswi kutufanya tulisahau hilo. Hamed alirudi pwani mwaka 1882. Fikiria daftari ambalo ukurasa wa mdaiwa mmoja unakaa wazi miaka 12. Topan hakuwa na njia ya kumuona mteja wake, alikuwa na maandishi na imani, na maandishi ndiyo yaliyoifanya imani iwezekane. Muuzaji wa Busisi anayemngoja mteja wa Songea amalizie salio yuko kwenye shughuli hiyohiyo, ila kwa siku chache.

Kanda ya Ziwa ina historia yake nyingine ambayo nashangaa haifundishwi kwenye madarasa ya uhasibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakishuku kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia, walianza kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, kisha mwaka 1955 ukaja muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe baadaye akawa Waziri wa Fedha. Wakulima wale walitaka kipimo cha pili, kilichoandikwa na mtu wa upande wao, ili kilinganishwe na cha mwenye kununua. Hiyo ndiyo roho ya usuluhishi wa hesabu, kazi ambayo wanafunzi wanaichukia na wakaguzi wanaipenda: taarifa ya mtandao wa simu huku, daftari lako kule, na kila mwisho wa juma unauliza kwa nini hazifanani.

Ukitaka kuuona mfumo wa maingizo mawili ukiwa hai bila kufungua kitabu, kaa saa moja karibu na kibanda cha wakala wa pesa za simu. Wakala ana mtaji, tuseme 1,000,000. Asubuhi sehemu yake ni noti ndani ya droo na sehemu ni floti ndani ya simu. Mteja akija kuweka 50,000, noti zinaongezeka na floti inapungua kwa kiasi kilekile. Akija wa kutoa, inakuwa kinyume. Jioni wakala anajumlisha pande zote mbili, na jumla isipokuwa 1,000,000 ileile, kamisheni ikiwa imewekwa kando, hafungi kibanda mpaka ajue kosa liko wapi. Pembeni ana daftari kubwa lenye tarehe, namba, kiasi na saini. Mtu huyu huenda hajawahi kusikia habari za debiti na krediti, na anazitenda kutwa nzima. Wanazuoni wamebishana kuhusu umuhimu wa mfumo huu: Mjerumani Werner Sombart, mwanzoni mwa karne ya 20, aliuona kama uti wa mgongo wa ubepari, na B. S. Yamey, nusu karne baadaye, akaonyesha kwamba wafanyabiashara wengi wa zamani walistawi kwa vitabu rahisi zaidi. Nasimama na Yamey. Daftari rahisi linaloandikwa kila siku lina thamani kuliko leja kamilifu inayojazwa kwa kukumbuka mwishoni mwa mwezi.

Sasa tuingie ghalani, maana hapo ndipo faida nyingi zinapopotelea. Dagaa hununuliwa mwaloni kwa gunia, debe au sado, na huuzwa mtandaoni kwa kilo. Kati ya vipimo hivyo kuna mchanga, vumbi na vichwa vilivyovunjika. Nitatumia tarakimu za kufundishia, zisichukuliwe kuwa bei za soko. Gunia limenunuliwa 200,000 na kufikishwa nyumbani kwa 10,000. Kwenye mizani ni kilo 45. Baada ya kupepeta na kuchambua zinabaki 42, yaani pakiti 84 za nusu kilo. Gharama ya dagaa katika kila pakiti ni 2,500. Muuzaji aliyegawa kwa kilo 45 anaamini ni kama 2,333. Ongeza kifungashio na lebo 300, pakiti imefika 2,800 kabla haijatoka mlangoni.

Mteja wa Dodoma anaagiza pakiti 20 kwa 4,500 kila moja, anatuma 90,000 na juu yake 8,000 za kusafirisha kwa basi. Simu inaonyesha 98,000. Muuzaji anayehesabu kichwani anatoa gharama ya dagaa anayoijua yeye na kuona zaidi ya 51,000 zimebaki. Lakini pakiti 20 zimemgharimu 56,000. Basi limechukua 8,000, ambazo tangu mwanzo zilikuwa za kupita tu wala si mauzo. Bodaboda hadi stendi 3,000, ada ya kutoa pesa 2,000, sehemu ya bando 1,000. Kilichobaki ni 28,000. Si biashara mbaya, ila ni karibu nusu ya ile iliyokuwa kichwani, na mtu huyu akipandisha matumizi ya nyumbani kwa kufuata hesabu ya kichwani, mtaji utaliwa polepole bila wizi wowote kutokea.

Jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havikuandai nalo ni mwezi, ule wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, kwa hiyo uvuvi hupungua au husimama mpaka giza lirudi. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu, nao haujali kalenda ya ukutani. Ukilinganisha mauzo ya Machi na ya Aprili unaweza kudhani umefanya uzembe mwezi mmoja, kumbe ulipata usiku mchache wa giza. Nashauri muuzaji wa dagaa afunge hesabu zake za ndani kwa giza hadi giza, kisha azikusanye kwa mwaka wa kalenda kwa ajili ya serikali. Wenzangu wachache wa taaluma hii hawaupendi ushauri huu, wakisema unavuruga ulinganisho na biashara nyingine. Siuoni mvurugo. Kipindi cha hesabu ni chombo cha kumsaidia mwenye mali kuelewa mali yake, na sangara au sato wanaovuliwa kwa utaratibu mwingine wafungiwe hesabu kwa utaratibu wao.

Halafu kuna laini moja ya simu inayobeba maisha yote. Kwenye taarifa ya mwezi utakuta malipo ya mteja, ada aliyotuma kaka kutoka Kahama, mchango wa harusi, marejesho ya kikoba, na LUKU. Uhasibu unataka biashara ihesabiwe kama mtu mwingine asiye wewe. Ukichukua pesa yake kwa ajili ya nyumba, iandikwe kwamba mwenye mali amechukua. Hakuna anayekukataza kuchukua. Kinachokatazwa ni kuchukua kimya. Ajabu ni kwamba akina mama wengi wanaolegalega hapa ni makatibu hodari wa vikoba, ambako pesa huhesabiwa mbele ya wote, faini huandikwa, na sanduku halifunguki bila wenye funguo wote kuwepo. Ujuzi wanao tayari. Wameuacha kwenye kikao. Laini ya pili, au namba ya malipo ya biashara, inauleta ujuzi huo nyumbani kwa gharama ndogo.

Ada za miamala nazo zinastahili safu yake kwenye daftari. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo kwenye miamala ya simu, iliyofikia hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, kisha ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, wafanyabiashara wote walilalamika. Aliyekuwa na safu ya ada aliweza kusema imemla kiasi gani, na akaamua kama apandishe bei, awalipe wauzaji wake moja kwa moja kwa simu, au atoe pesa mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Wengine walibaki na manung'uniko.

Nimeacha kodi mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani daftari ni la kumfurahisha ofisa wa TRA, na hivyo wanalikimbia. Itazame sheria yenyewe. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5, ambayo ni kama 417,000 kwa mwezi, analipa 30,000. Kati ya milioni 7 na 11, asiyeandika hulipa 250,000. Anayeandika hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 8 analipa 120,000. Viwango hubadilishwa na bunge mara kwa mara, uliza ofisi ya TRA iliyo karibu nawe kabla ya kukadiria. Ukumbuke pia kwamba kodi hii hukokotolewa kwa mauzo. Zile 8,000 za basi na ile ada ya kaka wa Kahama, zikikaa laini moja na mauzo bila maelezo, zinaweza kukuingiza kwenye kundi la kodi lisilo lako.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Daftari la mistari linatosha mwaka wa kwanza. Jedwali la Excel ni zuri kwa mwenye kompyuta, na programu za simu za kutunza mauzo zipo. Ubovu wa nyingi ni kwamba zimebuniwa kwa duka, mauzo na malipo yakihesabiwa kuwa tukio moja. Kabla ya kuikubali programu yoyote, ijaribu kwa agizo lililolipiwa nusu ambalo mzigo wake haujaondoka. Ikishindwa kulionyesha kuwa deni lako, haijakuelewa. Atakayetaka kuendelea mbele atakuta Mwanza kuna kampasi za Chuo cha Elimu ya Biashara na Taasisi ya Uhasibu, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoanzishwa mwaka 1972, ina ngazi za chini ambazo mtu mwenye bidii anaweza kuzianza akiwa anauza.

Sura zinazofuata zimepangwa kwa njia ya mzigo: kununua, kufungasha, kupokea agizo, kupokea pesa, kutuma, kudai, kufunga hesabu. Si lazima uzisome kwa mfuatano huo. Kabla ya kufungua ya kwanza, omba taarifa ya miamala ya mwezi uliopita, pima dagaa waliobaki ndani, kisha andika kwenye karatasi moja majina ya wateja wote waliolipa ambao hujawatumia mzigo, na kiasi cha kila mmoja. Jumlisha kiasi hicho na ukilinganishe na salio la simu pamoja na thamani ya dagaa waliopo. Deni likiwa kubwa kuliko vyote viwili, ruka uanze na sura ya sita, ile ya madeni, na usipokee agizo jipya mpaka uimalize.